Ini la Dada Mwanabaraka

Dada yangu Mwanabaraka alikuwa na macho meupe kuliko mwanamke yeyote wa mtaa wetu pale Bagamoyo, na sisemi hivyo kwa sababu tumenyonya ziwa moja. Waliokuwa wakimsema kwa mambo mengine, kwa macho walinyamaza. Kwa hiyo asubuhi ile nilipoingia uani kwake nikakuta ule weupe umegeuka manjano, kama maji ya wali uliotiwa bizari, nilisimama mlangoni nikasahau hata nilichokuwa nimejia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona umenikodolea hivyo?"

"Umejitazama kwenye kioo leo?"

"Kioo cha nini? Mimi nimekwisha olewa." Akacheka, akageuza uso, akatema mate mekundu ndani ya kopo lililokuwa karibu na mkeka, kisha akaendelea kutafuna.

Miaka ile, vita vya Hitla vikiwa vimekwisha na kanga mpya zimerudi madukani, tambuu ilikuwa kitu cha heshima kwetu. Mgeni akija anapewa. Posa ikija, chano cha tambuu, lile sinia la mbao, kinatangulia. Jani la tambuu linapakwa chokaa kidogo, linatiwa vipande vya popoo, ile kokwa ngumu ya mpopoo, na pengine tumbaku, linakunjwa, mtu anatia shavuni anazungumza. Mimi mwenyewe nilikuwa nikila baada ya chakula, siku moja moja. Lakini dada yangu alikuwa amevuka mpaka huo zamani. Alianza kwa kusahau tumbaku, akaja akachoka na chokaa, akaona jani lenyewe linamchelewesha, mwisho akabaki na popoo tupu. Alikuwa akiamka nayo na kulala nayo shavuni. Ukimpa wali anasema ameshiba, ukimpa popoo anafungua kinywa kama kinda la ndege.

Na hakuna aliyemkataza, kwa kuwa watu wote, yeye wa kwanza, waliamini kwamba popoo ile hali yeye. Inaliwa na Bi Sandali.

Bi Sandali alikuwa pepo wake. Alimpanda dada zamani, alipokuwa mwari, dada akaumwa kichwa mpaka akawa hasikii adhana. Walimwitia fundi wa mapepo, ngoma ikapigwa, pepo akatoa jina lake na akasema anataka tambuu. Akapewa, kichwa kikapoa. Tangu hapo dada akawa kiti cha Bi Sandali, ndivyo anavyoitwa mtu anayekaliwa na pepo, na kila alipougua homa, jino au mgongo, jawabu lilikuwa moja: Bi Sandali ana njaa, mpeni tambuu. Homa ikipoa yenyewe, kama homa nyingi zinavyopoa, sifa zinakwenda kwa popoo.

Sasa ulipokuja ugonjwa huu wa macho, jawabu lilikuwa tayari. Shemeji yangu Pazi, mume wa dada, alimleta fundi Mwinshehe kutoka Mkange. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu, kanzu safi, hapandishi sauti. Alimtazama dada, akafukiza ubani, akasema pepo amekasirika kwa kuwa anapewa kidogo. Atarudi kumpigia ngoma akipata nafasi. Kwa sasa wasimpunguzie popoo, bali wamzidishie.

Pazi hakufanya ajizi. Nyuma ya nyumba alikuwa na mipopoo yake kando ya minazi, basi akawa anaangusha vichala vizima, anavimenya, anakata vipande vidogovidogo kwa ule mkono wake mpole na kuvipanga kwenye sahani. Alikuwa akimpenda mkewe. Alikuwa akimuua vile vile, na kila nilipomwona amechuchumaa na kile kisu, damu yangu ilichemka.

Dada alizidi kukonda. Gauni lililokuwa likimbana likaanza kumning'inia. Alijikuna usiku na mchana mpaka ngozi ya mikono ikawa na mistari. Mkojo wake, aliniambia kwa aibu, ulikuwa kama chai ya rangi. Na upande wa kulia, chini ya mbavu, alihisi uzito, kama mtu aliyemeza nazi. Siku moja nilimkuta amelala chali anajishikilia upande ule huku shavu limejaa popoo, nikaona sasa nimefika mwisho.

"Shemeji," nilimwambia Pazi, "huyu ananikaukia mbele ya macho yangu. Mpeleke hospitali."

"Hospitali wataweza mambo ya pepo, shemeji?"

"Wewe umejuaje kwamba ni pepo?"

"Fundi amesema."

"Na fundi akisema ukate mguu wako utaukata?"

Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto, akaendelea kumenya. Mimi sina subira na watu wapole. Nilitoka pale nikiwa nimekata shauri. Kesho yake nilijifunga kitambaa shavuni, nikaenda kwa dada nikigumia kama ng'ombe. Nikamwambia jino linaniua, nakwenda kung'olewa, naogopa, anisindikize. Dada yangu hajawahi kuniacha peke yangu kwenye maumivu tangu nilipojifunza kutembea. Akavaa buibui lake, akatia popoo shavuni, akanishika mkono. Nilimdanganya, na mpaka leo sijuti.

Pale hospitali alikuwapo daktari wa Kigoa, kutoka Bara Hindi, aitwaye Meneze, mfupi, mwenye miwani, Kiswahili chake kizuri ila kila neno alilitoa kama analipima. Muuguzi wake alikuwa Eufrazia, binti wa Kikristo aliyetupangia benchi na kututaka tunyamaze, maana tulikuwa tukizungumza kwa sauti. Zamu yetu ilipofika nilifungua kile kitambaa shavuni nikamsukuma dada mbele.

"Mgonjwa ni huyu," nikasema.

Dada alinigeukia kwa macho yale ya manjano, na nilijua nitalipia. Lakini alikuwa amechoka. Alipanda kitandani.

Daktari alivuta kope zake akatazama. Akamwambia avute pumzi, akaingiza vidole chini ya mbavu za kulia, taratibu, na dada akapiga ukelele.

"Ini limevimba," akasema. "Lilipaswa kuishia hapa. Limefika huku." Akapiga mstari kwa kidole, karibu ya kitovu. "Mama, unakunywa pombe?"

"Astaghfirullah!" Dada akainuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Mimi? Mimi niliyehitimu msahafu chuoni? Mwanamvua, umenileta hapa nitukanwe?"

"Namwuliza kila mtu," daktari akasema. "Fungua kinywa." Akatazama meno yaliyokuwa rangi ya matofali, na ile popoo. "Hii unakula kiasi gani?"

"Sili mimi. Anakula Bi Sandali."

"Bi Sandali ni nani?"

Hapo akanitazama mimi, nami nikamweleza, kwa kifupi, bila kuona haya. Namsifu mtu yule kwa kuwa hakucheka. Alivuta kigoda akaketi karibu na dada, akavua miwani.

"Mama, ini ndilo linalosafisha kila kitu unachomeza. Kizuri na kibaya, vyote vinapita pale. Ukilitwisha kazi ngumu mchana na usiku, na chakula huli, linachoka na kuvimba. Sina kitabu cha kukuonyesha kinachosema popoo inafanya hivi. Sitakudanganya. Lakini mimi natoka mahali ambapo watu wanaitafuna kama nyinyi. Shangazi yangu alikuwa haweki sufuria motoni bila popoo shavuni. Alianza hivi hivi, macho, kujikuna, kukosa hamu ya chakula. Ini lilivimba, kisha likasinyaa, likawa gumu kama kiatu kilichokaushwa juani. Tumbo likajaa maji. Tulimzika."

"Na mimi?"

"Lako bado laini. Ukiacha leo, nadhani litarudi. Usipoacha, sijui kama utaiona Ramadhani ijayo."

"Unadhani," nikadakia, "au unajua?"

"Nadhani," akasema, akavaa miwani yake. Nilimwamini zaidi kwa neno hilo kuliko ambavyo ningemwamini kama angeapa.

Njia nzima dada hakunisemesha. Tulipofika kwake alikaa kizingitini, akafunua kijaluba chake cha fedha, akatazama vipande vya popoo vilivyokuwa ndani, akaanza kulia. Dada yangu si mtu wa kulia. Nililia pamoja naye kabla hata hajasema kitu.

"Mwanamvua, hebu niambie. Nikila, ini litaniua. Nisipokula, Bi Sandali ataniua, na yeye hangoji Ramadhani. Nimchague yupi?"

Unaweza kucheka wewe unayesikia leo. Lakini mimi nilikuwa nimemwona dada yangu siku za ujana wake ameanguka uani, povu kinywani, na sauti isiyokuwa yake ikitoka kooni mwake. Kumwambia mtu kama huyo kwamba hakuna pepo ni kumwambia kwamba yeye mwenyewe hayupo. Nilikuwa nimemshinda Pazi kwa maneno, nimemshinda dada kwa kitambaa cha shavuni, lakini kwa Bi Sandali nilikuwa sina pa kuanzia.

Basi nikaenda kwa fundi mwenyewe. Alikuwa amefika Bagamoyo, amefikia kwa ndugu zake, anajiandaa kwa ile ngoma ya dada. Nilimwamkia vizuri, kisha nikashindwa kujizuia.

"Fundi, wewe unamlisha dada yangu sumu."

Hakukasirika. "Mimi simlishi kitu, mwanangu. Pepo ndiye anayeomba."

"Aliomba lini? Miaka ishirini iliyopita! Mimi miaka ishirini iliyopita nilikuwa nataka pipi."

Nadhani alitaka kutabasamu, lakini akajizuia. "Sikiliza. Kazi hii ina kanuni zake, nami nilizirithi. Anachotaka pepo hakiamuliwi na mimi, wala mume, wala ndugu, wala daktari. Anakisema mwenyewe, kwa kinywa cha kiti chake, mbele ya chano na mbele ya watu. Akikwisha sema, hapana wa kugeuza. Hata mimi siwezi. Akitaka popoo, atapewa popoo."

"Na akitaka kingine?"

"Atapewa kingine. Lakini aseme yeye."

Nilirudi kwa dada nikamweleza maneno hayo kama nilivyoyasikia, kwa hasira, nikimlaani fundi na kanuni zake. Dada alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba nimfungie mlango wa chumba niende zangu, anataka kukaa peke yake. Pazi alisema alikaa humo tangu adhuhuri mpaka magharibi, na alimsikia anazungumza, mara kwa kubembeleza, mara kwa ukali, kama anayegombana na mke mwenza.

Ngoma za pepo kwa kawaida hupigwa usiku. Lakini kwa hali ya dada, Mwinshehe alisema asikeshwe, ianze mara baada ya sala ya adhuhuri. Ua ulijaa wanawake. Jirani yetu Ashatu, ambaye naye alikuwa na pepo mla tambuu, alikaa mbele kabisa, kijaluba mapajani. Ubani ulifuka, ngoma zikaanza polepole. Dada alikalishwa kwenye kigoda, amefunikwa shuka nyeupe, na alikuwa amekonda mpaka ukitazama shuka huwezi kujua kama ndani yake mna mtu mzima au binti.

Chano kiliwekwa mbele yake. Palikuwa na mayai, ndizi mbivu, halua, tende, kikombe cha uji wa mchele na mrashi wa marashi. Na katikati, Pazi alikuwa amejenga mlima wa popoo. Maskini, alikuwa amekesha akikata. Vipande vyote sawasawa, vimepangwa kama vigae vya msikiti. Nilitamani kuupiga teke ule mlima.

Ngoma zikapanda. Mabega ya dada yakaanza kutetemeka, kichwa kikazunguka, shuka ikateleza. Alipoinua uso, haukuwa uso aliokuwa akinitazama nao mimi. Alikaa wima kama mtu aliyezoea kuhudumiwa. Mwinshehe akanyamazisha ngoma.

"Karibu, Bi Sandali. Umekuja kwa heri?"

"Heri ipi?" Sauti ilikuwa nene, ya kuburuza, na ya kiburi. "Heri mmeiona wapi ninyi?"

"Chano chako hiki, bibi. Watu wako hawa. Chagua upendacho."

Mkono ukatoka. Ukapita juu ya mayai, haukusimama. Ukapita juu ya halua. Ukafika katikati, juu ya ule mlima wa Pazi, ukatua. Vidole vikazama ndani ya popoo, vikachota konzi nzima, na mimi nikafumba macho. Nilijua nimempoteza dada yangu. Nilianza hata kufikiri nitamwosha na nani.

Nikasikia kitu kinamwagika kama mvua ya mawe. Nilipofumbua, popoo zilikuwa zimetapakaa kwenye mapaja ya fundi Mwinshehe, juu ya ile kanzu safi, na nyingine zinabingirika miguuni pa wapiga ngoma.

"Nani," ile sauti ikauliza, "nani aliyewaambia mnilishe kuni?"

Mwinshehe aliinama kidogo. "Wewe mwenyewe, bibi. Siku ya kwanza ulitaka tambuu."

"Nilitaka tambuu! Tambuu moja, ya kukaribishwa, kama mgeni yeyote mwenye heshima! Ninyi mkanifanya mbuzi, natafuna tangu alfajiri mpaka alfajiri! Chakula sipewi. Uji sipewi. Mtazameni huyu! Mtazameni macho yake! Hiki ndicho kiti changu, nilichokichagua mwenyewe akiwa mwari, na ninyi mnaniulia kiti changu!"

Sauti ikapaa mpaka kuku wakakimbia. Mkono ukanyooka ukamwelekea Pazi, aliyekuwa amesimama kando na kisu chake cha popoo bado mkononi.

"Akifa huyu nitakwenda kukaa kwa nani? Kwako?"

Pazi alirudi nyuma mpaka akagonga ua wa makuti. Kisu kikamwanguka. "La, bibi! La, la! Wallahi sitaki!"

Mahali pengine tungecheka. Pale hapana aliyethubutu hata kukohoa. Mwinshehe alijifuta popoo mapajani, moja moja, na nilimwona anafikiri. Kisha akanitazama mimi, mara moja tu, akageuka kwa pepo akainamisha kichwa. Ile kanuni yake ilikuwa imemrudia mwenyewe, naye akaipokea kiungwana.

"Tumesikia, bibi. Sasa unataka nini?"

"Nataka tende. Nataka uji wa mchele wenye iliki, asubuhi na jioni. Nataka samaki wa nazi, asiyekaangwa mpaka akawa mkaa. Nataka maji ya marashi. Na popoo isivuke mlango wa ua huu, si leo, si kesho, si kwa mgeni wala kwa harusi. Atakayeileta atanijibu mimi."

"Mmesikia?" Mwinshehe akawauliza watu.

"Tumesikia," wakajibu wote.

"Mashahidi ni ninyi." Akachukua kile kikombe cha uji akakiweka mikononi mwa dada. Na dada yangu, au Bi Sandali, au wote wawili, akanywa mpaka mwisho, watu wote wakimtazama, kisha akalala ubavu kwenye mkeka akapitiwa na usingizi kama mtoto. Mimi nilikaa pale namfukuza nzi, machozi yananitoka bila kujizuia, wala sikuyafuta.

Kesho yake nilimwuliza. Singeweza kuacha kumwuliza.

"Dada, jana alikuwa nani?"

"Alikuwa yeye."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Lakini tulikuwa tumekwisha zungumza." Alikuwa amelala, sauti yake nyembamba, ila usoni alikuwa na ule ujanja wake wa utotoni. "Siku ile nilipokutuma unifungie mlango. Nilimwambia, Bi Sandali, mimi na wewe tumekaa pamoja miaka ishirini. Mimi nikifa nitakwenda kwa Mola wangu. Wewe utakwenda wapi? Utaanza tena kutafuta msichana, umwumize kichwa, ungoje aitiwe fundi? Utu uzima huo wako unaweza? Alinuna sana. Tuligombana. Mwisho akasema mimi ndiye niliyemponza, yeye popoo ilikuwa imemchosha zamani, alikuwa anaona haya kusema."

Nilimbusu kiganja.

Usidhani mambo yalikwisha pale. Wiki zilizofuata dada yangu aliona cha mtema kuni. Kichwa kilimpasuka, mikono ilimtetemeka, usingizi ulimkimbia. Alimtupia Pazi mwiko kwa kuwa alipumua kwa nguvu. Mimi alinifukuza mara nyingi, na kila aliponifukuza nilizunguka nikaingia kwa mlango wa uani. Tulimtilia iliki shavuni, tukamtilia karafuu, akasema ni kama kumpa mtu picha ya chakula. Uji wa kwanza aliutapika, na wa pili. Wa tatu ulikaa.

Pazi, kwa upande wake, alinishangaza. Siku ya pili baada ya ngoma alichukua shoka akaikata mipopoo yake yote, ile aliyoipanda marehemu baba yake, akapanda migomba. Hakutoa hotuba. Aliponiona namtazama alisema tu, "Shemeji, nilikuwa sijui," akaendelea kufukia mashimo. Kwa siku ile nilimpenda kama ndugu yangu wa damu.

Jambo lililonitisha zaidi lilitokea dada alipokwisha anza kutembea. Nilimkuta amesimama peke yake nyuma ya nyumba, kona ya kanga yake mkononi, anafungua fundo. Ndani palikuwa na kipande cha popoo, kikavu, cha siku nyingi, alichokuwa amekisahau au alijitia kukisahau. Alikiinua akakinusa. Mimi nilisimama pembeni ya choo, nimeziba kinywa changu kwa mkono, maana nilijua nikisema neno atakila kwa ukaidi tu. Alikitazama muda mrefu. Kisha akakitupia kuku. Jogoo akaja mbio, akadonoa, akakiacha.

"Loo!" dada akamwambia jogoo. "Kumbe hata wewe ulikuwa na akili kuliko mimi."

Nikacheka kwa sauti, akanigundua, akanirushia kandambili. Nilijua sasa tumeshinda.

Na habari ikaenea. Wa kwanza kuja alikuwa Ashatu, yule jirani. Alikaa kwenye mkeka wa dada, akazungukazunguka kwa maneno, mara mvua, mara bei ya kanga, mpaka akasema kwamba pepo wake naye siku hizi anaonekana kuchoka na tambuu, sijui ni kwa nini. Siku zake za ngoma zilipofika, pepo wa Ashatu akadai tende. Baada yake pepo wa mke wa mshona viatu akadai maziwa yenye sukari. Pepo mmoja kule upande wa Fukayosi, tulisikia, alitaka mkate wa kumimina na hakutaka hata kuonyeshwa popoo. Mwinshehe alinipita sokoni akanung'unika kwamba tangu aanze kazi hii hajaona mapepo yenye uchu wa vitu vitamu namna ile. Nikamwambia, "Waulize wenyewe, fundi. Si mimi ninayeamua." Akacheka mpaka akashika ubavu.

Ramadhani ilipokaribia, ile ambayo daktari alisema hajui kama dada ataiona, nilimpeleka tena. Safari hii sikufunga kitambaa. Alitembea mwenyewe, mbele yangu, gauni limeanza kumbana tena ndani ya buibui. Eufrazia alituwekea benchi lile lile na kututaka tunyamaze.

Daktari Meneze alivuta kope akatazama, hakusema kitu. Akamlaza. "Vuta pumzi." Akaingiza vidole chini ya mbavu za kulia. Akabonyeza. Akahamisha vidole, akabonyeza tena, ndani zaidi, uso umekunjamana.

"Daktari," nikasema, "mbona umenyamaza? Kuna nini?"

"Natafuta ini."

"Limekwenda wapi?"

"Limerudi mahali pake." Akainuka, akavua miwani, na nikaona kwamba mtu yule mkavu alikuwa na macho mekundu. "Liko chini ya mbavu, kama linavyopasa. Siligusi. Mama, umepona."

Sijui nilifungua kinywa saa ngapi. Nilichosikia ni kigelegele, kirefu, kinagonga dari ya bati, na ndipo nilipotambua kwamba ni changu. Dada akadakia cha pili akiwa bado kitandani. Eufrazia akaja mbio, kidole midomoni, kutunyamazisha. Akamwona daktari anacheka, akamwona dada ameketi, na kabla hajajizuia akapiga cha tatu yeye mwenyewe. Huko nje wagonjwa wa kwenye benchi wakaitikia bila kujua sababu, hata waliokuja na vidonda vya miguu.

Tulitoka tukiwa tumejishikilia kama wasichana. Barabarani palikuwa na mama anayekaanga samaki changu, moshi umetanda, harufu inavuta. Dada alisimama. Akasema ana njaa. Si uji, si tende, ana njaa ya samaki, sasa hivi. Nikamwambia tununue tukale nyumbani, yeye mke wa mtu, mtu mwenye heshima zake, atakulaje njiani watu wakimwona? Hakunisikia. Alikuwa amekwisha chukua samaki kwenye jani la mgomba, amemvunja mgongo, anakula amesimama, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko, anapuliza vidole vinavyoungua na kuvirudisha kinywani.

Nilivua kanga yangu ya juu nikaitandaza kwa mikono miwili, nikamkinga na wapita njia. Watu walinipita wakinishangaa, mwanamke mzima amesimama juani na kanga kama pazia, analia na kucheka. Sijawahi kuona furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu. Nyuma ya kanga nilimsikia anatafuna, anameza, anaomba ndimu.